Makaroni ya Boksi: Cha Kununua Kwanza, cha Kununua Baadaye na cha Kuacha Dukani

Mtu aliyehamia Marekani, awe alikuja kusoma au aliletwa na mpango wa wakimbizi akitokea kambi ya Nyarugusu au Kakuma, hukutana na boksi la makaroni na jibini mapema sana. Hulikuta kwenye kikapu cha chakula cha msaada, kwenye rafu ya vitu rahisi dukani, au huombwa alinunue na mtoto aliyelionja shuleni. Mimi nimelipika kwa miaka mingi hapa Columbus, Ohio, kwa nyumba ya watu watano, na nimejaribu karibu kila kitu kinachosemwa kuwa kinalipendezesha. Nilichojifunza ni kwamba pesa ya ziada haifai kununua boksi ghali zaidi, bali inunue yale yasiyomo ndani ya boksi, nayo ni protini, mboga, na ladha kali inayokata ule uzito wa jibini.

Chakula hiki tangu mwanzo kilikuwa cha watu wenye mkono mfupi. Kampuni ya Kraft ilikiingiza sokoni mwaka 1937, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, kwa senti 19 boksi, na tangazo lake likaahidi mlo wa watu wanne. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja na mgao wa chakula, familia ziliweza kupata maboksi mawili kwa pointi moja ya mgao, wakati nyama na siagi zilikuwa zikihesabiwa kwa ukali. Boksi la kawaida la leo lina uzito wa aunsi 7.25, yaani gramu 206, pamoja na pakiti ya unga wa jibini. Kinachosahaulika ni kwamba maelekezo ya nyuma yanataka pia vijiko vinne vya chakula vya siagi na robo kikombe ya maziwa. Siagi hiyo peke yake ni nusu ya mche mzima, na ukipiga hesabu utaona kwamba inaweza kugharimu karibu nusu ya bei ya boksi la chapa ya duka. Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi aanze na siagi kabla ya kuanza kuongeza kitu chochote.

Kuhusu boksi lenyewe sitakaa sana. Chukua la chapa ya duka lenye unga, kwa sababu unga unakuachia wewe uamuzi wa mchuzi uwe mzito kiasi gani na uwe na mafuta kiasi gani. Maboksi ya Annie's, kampuni iliyoanza mwaka 1989, yana ladha nzuri ya jibini nyeupe, lakini mengi yake yana aunsi 6 tu, hivyo unalipa zaidi na kupata pungufu. Yale ya Velveeta huja na mchuzi mzito uliokwisha kutengenezwa, ambao ni laini kweli, ila bei yake ni kubwa na nafasi ya kuurekebisha ni ndogo. Usiangalie bei kubwa iliyoandikwa kwenye lebo ya rafu peke yake. Angalia na ile ndogo ya pembeni inayoonyesha bei kwa kila aunsi. Wanaofuata halali wasome orodha ya viambato, kwa kuwa jibini hugandishwa kwa vimeng'enya ambavyo vingine hutoka tumboni mwa ndama, na boksi halisemi kila mara vimetoka wapi.

Sasa nije kwenye vitu vya kununua, kuanzia kile ninachokithamini kuliko vyote.

Nafasi ya kwanza naipa maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yale ambayo kopo lake limeandikwa "evaporated". Maziwa haya yamepunguzwa maji kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo protini yake imejikusanya, na ndiyo inayoufanya mchuzi ushikamane na makaroni bila kukatika wala kuachana na mafuta. Kopo la aunsi 12 lina kikombe kimoja na nusu. Ukitumia nusu kikombe kwa kila boksi, kopo moja linatosha maboksi matatu, na siagi unaweza kuipunguza kutoka vijiko vinne hadi viwili bila mtu mezani kuuliza kilichobadilika. Zaidi ya hayo, kopo lisilofunguliwa hukaa kabatini miezi mingi, jambo kubwa kwa mtu anayepokea mshahara kila wiki mbili na ambaye galoni ya maziwa humwishia katikati.

Lazima nitoe tahadhari moja. Kwenye rafu hiyohiyo, mara nyingi likiwa limepakana kabisa na kopo hilo, lipo jingine la ukubwa uleule au lililo dogo kidogo, limeandikwa "sweetened condensed". Hayo ni maziwa mazito ya sukari, yale ya kuwekea chai. Katika mwaka wangu wa kwanza hapa nilitoka zamu ya jioni nimechoka, nikachukua kopo kwa kutazama picha ya ng'ombe, nikalimimina sufuriani juu ya makaroni yaliyokwisha kuiva. Mchuzi ukaanza kung'aa na kunata kwenye mwiko, na harufu iliyopanda haikuwa ya jibini bali ya kashata. Watoto walionja kijiko kimoja kimoja wakaweka uma chini. Maboksi mawili na kopo zima vilimwagwa, tukalala na chai na mkate. Soma maneno ya kopo, usisome picha.

Namna ya kuyatumia nayo ina umuhimu wake. Makaroni yakishaiva, chota robo kikombe ya maji yaliyochemshiwa uyaweke kando, kisha mwaga mengine. Katika sufuria ileile, juu ya moto mdogo, yeyusha vijiko viwili vya siagi, mimina unga wa jibini ndani ya siagi na ukoroge kwa nusu dakika hadi uwe uji mzito wa rangi ya chungwa unaonukia kama jibini iliyobanikwa. Hapo ndipo unapoingiza maziwa ya kopo kidogo kidogo huku ukikoroga, na mwisho unarudisha makaroni. Unga ukitumbukizwa moja kwa moja kwenye maziwa baridi hufanya madonge, lakini ukitangulia kukutana na mafuta kila punje hupata kanzu yake na kuyeyuka vizuri. Mchuzi ukikaza kupita kiasi, yale maji uliyoweka kando yana wanga wa makaroni na yataulegeza bila kuuharibu. Usitie chumvi kwenye maji ya kuchemshia, kwa sababu pakiti ya unga ina chumvi ya kutosha na kuzidi.

Nafasi ya pili ni mboga, na hapa mtu wa Afrika Mashariki ana bahati ambayo pengine haijui. Mboga inayouzwa katika maduka ya Marekani kwa jina la "collards" ni sukuma wiki ileile tunayoifahamu, na maduka mengi huiuza ikiwa fungu bichi au ikiwa imekatwakatwa na kugandishwa kwenye mfuko. Kwa Wamarekani weusi, hasa wa majimbo ya kusini, sukuma na makaroni ya jibini hukaa sahani moja siku za Jumapili na za sikukuu, na mpangilio huo una historia ndefu. James Hemings, mpishi aliyekuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipelekwa Paris mwaka 1784 akajifunza upishi wa Kifaransa, na anakumbukwa miongoni mwa watu walioyaleta makaroni ya jibini katika majiko ya Marekani. Ninapokaanga sukuma kwa kitunguu na kuiweka pembeni mwa makaroni, sioni kwamba ninachanganya vyakula viwili visivyojuana.

Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, tia sukuma, acha ilainike, kisha ikamulie nusu ya limau au matone ya siki. Uchachu huo ndio unaofanya kazi. Makaroni ya boksi yana utamu, mafuta na chumvi, lakini hayana kitu cha kuuamsha ulimi, na ndiyo sababu mtu huchoka kabla ya kumaliza sahani. Asiye na muda wa kukaanga anunue mfuko wa njegere zilizogandishwa, atupie kikombe kimoja kwenye sufuria dakika moja kabla ya kumwaga maji, na atakuwa amepata mboga bila kuchafua chombo cha pili. Kwa watoto wadogo, kwangu njegere ndizo zimeliwa kwa urahisi kuliko mboga nyingine yoyote.

Nafasi ya tatu ni protini, na hapa sina jibu moja la siku zote kwa sababu bei hubadilika. Kopo la jodari la aunsi 5, likichujwa maji na kuchanganywa pamoja na njegere, hugeuza boksi moja kuwa mlo kamili wa watu wazima wawili au watatu. Maharage meupe ya kopo, yakisuuzwa kwa maji ili kupunguza chumvi, hufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo zaidi. Mayai ni mazuri kuliko yote pale ambapo bei yake imetulia, lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 homa ya ndege iliipandisha mno, na kipindi hicho nilirudi kwenye maharage. Mayai yakiwa rahisi, piga mawili pamoja na nusu kikombe ya maziwa ya kopo, changanya na makaroni yaliyokwisha kutiwa mchuzi, mimina kwenye chombo kilichopakwa mafuta, oka kwa nyuzi 350 za Fahrenheit kwa dakika 25 hadi 30. Kinachotoka hukatwa vipande kama keki, na kesho yake hubebeka kazini bila kumwagika.

Kwa familia zinazotumia WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa akina mama na watoto wadogo, mayai, maharage, maziwa na jibini ya kipande tayari vimo katika orodha, ingawa boksi lenyewe halimo. Kadi ya SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula kwa wenye kipato kidogo, hulipia vyote, pamoja na boksi. Maana yake ni kwamba kuboresha kunaweza kufanyika bila kugusa pesa taslimu, mradi tu upange nini kilipiwe kwa kadi ipi.

Jibini halisi nimeiweka nafasi ya nne, na najua wengi wangeiweka ya kwanza. Boksi halikosi jibini nyingi, linakosa jibini kali. Nunua kipande kidogo cha cheddar kilichoandikwa "sharp", kikwangue mwenyewe, na kiganja kimoja kitatosha. Itie baada ya kuzima moto, maana ikichemka hutoa mafuta na kubaki nyuzi. Jibini iliyokwanguliwa kiwandani hupakwa wanga au nyuzinyuzi za mimea ili isishikane mfukoni, na kwa sababu hiyo haiyeyuki kwa ulaini uleule.

Haradali haina nafasi yake kwa sababu haihitaji bajeti: kijiko kimoja cha chai, au ile pakiti ndogo iliyobaki kutoka mkahawani, huikaza ladha ya jibini bila yenyewe kusikika. Mkate uliokauka nao usiutupe. Uvunjevunje, ukaange kwa siagi kidogo hadi uwe wa kahawia, uunyunyize juu wakati wa kupakua.

Vya kuacha dukani ni hivi. Bekoni ni ghali kwa kile inachotoa, na Waislamu haiwahusu. Soseji nazo nyingi zina nguruwe, kwa hiyo atakaye soseji atafute zilizoandikwa wazi kuwa ni za ng'ombe tupu. Mafuta yenye harufu ya uyoga wa trufeli yanauzwa kwa chupa ndogo ambayo bei yake ingenunua maboksi kadhaa, na harufu yake huifunika jibini yote. Mifuko ya viungo iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya makaroni mara nyingi ni chumvi, kitunguu saumu na paprika, na vyote hivyo unavyo jikoni au unavipata kwa bei ndogo kwenye maduka ya Waafrika na Wahindi.

Limebaki suala la kopo lililofunguliwa. Usiliache kopo hilo frijini likiwa wazi. Mimina maziwa yaliyobaki kwenye kibia cha kugandishia barafu, vijiko viwili vya chakula kila tundu, na yakishaganda yahamishie kwenye mfuko. Vipande vinne ni nusu kikombe, yaani boksi moja, na kipande kimoja kikitupwa kwenye sufuria ya makaroni ya jana, juu ya moto mdogo, huurudisha mchuzi uliokauka.