TAHADHARI: Distribyuta "mpya" iliyopuliziwa rangi

Wenye magari ya petroli ya zamani, yale yanayotumia distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), kaeni macho. Kuna muuzaji wa mtandaoni anauza distribyuta chakavu kwa bei ya mpya. Simtaji, maana ameshabadilisha jina la ukurasa wake na tangazo limerudi na picha zilezile. Jina la leo kesho halitakusaidia. Afadhali uijue kazi yake.

Anachukua distribyuta iliyotolewa kwenye gari lililochoka, anaiosha, anaipulizia rangi ya fedha, anaivika kepu mpya (kifuniko cha juu) na rota mpya (kile kidole kinachozunguka chini yake), kisha anaitia kwenye boksi lenye nembo ya kampuni inayojulikana. Ukifungua, kila kitu kinang'aa. Lakini kepu na rota ni vitu vya bei nafuu ambavyo hubadilishwa mara kwa mara kama plagi. Kinachoiua distribyuta hasa ni shafti (mhimili wake wa kati) kulika pamoja na bushi zinazoishikilia, na huko hajagusa.

Shafti ikilegea, hakuna taimingi tena, yaani cheche haziji kwa wakati wake. Kwenye distribyuta ya pointi (vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme), nafasi kati ya pointi mara nyingi ni kama milimita 0.4 tu, kwa hiyo shafti ikiyumba kidogo nafasi hiyo inabadilika kwa kila silinda, cheche moja inawahi na nyingine inachelewa. Za kielektroniki nazo hazisalimiki, kwa sababu meno ya kwenye shafti yanatakiwa yapite karibu sana na koili ya kunasa ishara bila kuigusa. Niliyonunua kwake iliwasha gari bila shida, na ndipo mtego ulipo. Nilipokanyaga mafuta kwenye mwinuko gari likaanza kumisi na kupiga risasi kwenye ekzosi. Ukiwa hujui, utabadilisha plagi, waya, na koili ya cheche juu yake, na ugonjwa uko palepale. Petroli isiyoungua nayo inaenda kuharibu kichujio cha moshi, ambacho ni ghali kuliko distribyuta yenyewe.

Nilipomrudia, kwanza alisema fundi amekosea taimingi. Baadaye ikawa tumefunga waya kinyume na kuunguza moduli (kifaa cha kielektroniki kinachoamuru cheche). Mwisho akanizuia nisimpigie wala kumwandikia. Sharti lake ni kwamba ikishafungwa kwenye injini hairudi, kwa hiyo ukaguzi wote ufanye ikiwa bado mkononi.

Toa kepu, shika ncha ya shafti, itikise kushoto na kulia. Kupanda na kushuka kidogo ni kawaida kwa aina nyingi, ila kuyumba pembeni si kawaida hata kidogo kwa kitu kinachoitwa kipya. Kisha zungusha rota kidogo kuelekea upande inakozungukia injini ikiwaka, uiachie. Inatakiwa irudi yenyewe. Isiporudi, vile vizito vya ndani vinavyowahisha cheche injini ikienda kasi vimeshika kutu au springi zimekufa. Ile sahani ya vakyumu iliyo pembeni (inayorekebisha taimingi kwa mvuto wa hewa ya injini), fyonza hewa kwenye mdomo wake halafu uzibe kwa ulimi: ikiwa nzima ulimi utanaswa, ikiwa mpira wa ndani umechanika utafyonza hewa mpaka uchoke. (Futa kwanza, usije ukalamba rangi yake.) Magari ambayo taimingi inapangwa na kompyuta kwa kawaida hayana vizito wala vakyumu, hapo tegemea zaidi hali ya shafti.

Tazama pia gia. Meno mapya hayana mistari ya kusuguana, na pini inayoishika haina alama za nyundo. Ukikuta rangi imeingia kwenye namba zilizochongwa au imepakwa mpaka sehemu inayokaa ndani ya injini, rudisha boksi siku hiyohiyo.

Jambo jingine: aliomba ile distribyuta yangu ya zamani iwe sehemu ya malipo. Nadhani sote tunajua inaelekea wapi baada ya kuoshwa. Usimpe. Na kabla hujanunua hata kwa muuzaji mwaminifu, hakikisha ya kwako imekufa kweli. Gari nyingi zinazomisi asubuhi yenye unyevu tatizo ni kepu tu: kuna ufa mwembamba au mstari mweusi wa kaboni ndani yake, na umeme wa volti zaidi ya 20,000 unaufuata badala ya kwenda kwenye plagi. Kepu ya namna hiyo haisafishiki, ibadilishe. Ikiwa ni vumbi na unyevu tu, futa kwa kitambaa kikavu. Ukitumia spiriti, iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha, kwa sababu humo ndani ndimo cheche zinaporuka. Ukikuta oili chini ya kepu, sili ya shafti imekwisha, na kwa baadhi ya magari sili hiyo haiuzwi peke yake. Hapo ndipo distribyuta nzima inahitajika.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji video fupi ya mkono ukiitikisa shafti kepu ikiwa imetolewa. Rafiki yangu alimwomba huyuhuyu video hiyo kwa namba nyingine. Akajibiwa kuwa boksi limefungwa kiwandani na haliruhusiwi kufunguliwa. Kwenye picha za tangazo, boksi liko wazi na distribyuta iko juu ya meza.