Samaki saba, muziki tisa, huduma nne

Nianze na huduma ya mgahawa huu wa Tanga kabla hasira hazijapoa. Tulifika Jumamosi saa moja na nusu usiku, mimi, mama na mdogo wangu wa kiume. Samaki akafika mezani saa tatu kasoro dakika kumi. Hapo katikati dada wa kuhudumia alikuja mara mbili: mara ya kwanza kuuliza tumeagiza nini, mara ya pili kuuliza tena. Soda zilikuja baridi, bilauri hazikuja kabisa, tukanywa kwa chupa kama tuko stendi tunasubiri basi. Nimewapa nne kwa kumi, na hizo nne ni kwa sababu yule dada alipokosea hesabu alijipunja mwenyewe, nilipomwonyesha akacheka mpaka akakaa.

Jina la mahali silitaji. Kibao hawana, halafu mke wa mwenye mgahawa ni mteja wangu wa kushona na Idi inakaribia. Ukiwa Tanga mjini chukua bajaji ya Raskazone, mwambie dereva akushushe kwenye mwembe wenye taa za rangi. Kutoka Ngamiani tulilipa 3,000. Viti vya plastiki, mchanga chini, na ukigeukia baharini unaona taa za meli zilizotia nanga zikisubiri zamu.

Samaki wa kupaka alikuwa changu mzima, 15,000, na alipofika alisamehewa. Ukwaju umeingia mpaka kwenye mfupa, ngozi imeshika moto bila kuungua, tui zito limegandia pembeni kama ukoko. Wali sasa. Mama alionja tonge moja akasema, "Hii nazi ya boksi." Tanga hii, minazi imetuzunguka, mtu anakupikia wali kwa nazi ya boksi! Ndiyo maana saba, isingekuwa wali ningewapa tisa. Kachumbari ilikuwa na pilipili ya kutosha, mishkaki migumu.

Sasa muziki, ambao ndio ulionitoa nyumbani.

Kila Jumamosi wanapiga zilipendwa. Ni watu wanne: kijana wa gitaa la solo, mzee wa besi, mmoja wa kinanda, na mama mmoja aliyevaa dera la kijani anayeimba akiwa ameketi. Hawana wimbo hata mmoja wa kwao. Wanapiga kopi tupu. Kama babu angekuwepo angeanza kulalamika kabla hajavuta kiti.

Babu yangu alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, chini ya mkungu, na mji huu wa baiskeli haukumwacha akae bila kazi. Alifariki mwaka juzi, mwezi wa Shaabani. Redio yake ilikuwa ya bendi tatu, kifuniko cha betri kilipotea zamani, akaifunga kwa mpira wa tyubu. Mimi nikitoka shule napita pale, ananiita mchumba, ananinunulia kashata, nakaa kwenye ndoo iliyofunikwa nasikiliza. Msimamo wake kuhusu kopi ulikuwa mkali. Wakati wa ujana wake, alisema, Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, kila bendi na mtindo wake na wapenzi wake, na kupiga kopi ilikuwa kazi ya wanaojifunza. Ukipanda jukwaani na wimbo wa mwenzio watu wanakuuliza wako uko wapi.

Lakini babu huyo huyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kopi mtaani kwetu. Akigeuza baiskeli miguu juu kunyoosha rimu, anazungusha gurudumu na kupiga mluzi wa "Sina Makosa" ya Les Wanyika, lile gitaa lote kutoka mwanzo. Alikuwa na pengo la jino la mbele, mluzi ukatoka na upepo ndani yake. Gurudumu likicheza, ananyamaza, anakaza spoki moja, analizungusha tena, anaendelea pale pale alipoachia. Mahali penye maneno aliyoyasahau anachomeka jina la bibi, na bibi kutoka ndani kwenye mbuzi ya nazi anajibu, "Mzee, fanya kazi!"

Na wimbo wenyewe aliuhesabu kuwa wa Tanga. Wakenya wakidai ni wao kwa sababu ulirekodiwa Nairobi, babu alikuwa na nasaba yake mkononi kama ya ukoo: ndugu Wilson na George Kinyonga walikuwa Jamhuri Jazz hapa hapa, bendi iliyoanza kwa jina la Young Nyamwezi, wakaenda Arusha, wakavuka mpaka, mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika Nairobi, mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakachomoka wakaunda Les Wanyika. "Kwa hiyo ni mjukuu wetu," anamaliza, ananigonga kichwani kwa spana, taratibu.

Mimi ni fundi cherehani, kopi ndiyo inayonilisha. Mteja anakuja na picha kwenye simu, mwanamke mwembamba wa Lagos amevaa gauni, ananiambia nishonee kama hili. Nikimshonea lile lile kama lilivyo, haliwezi kupita mabegani. Inabidi nilikate upya kwa mwili wake, nitoe hapa, niongeze pale, na akilivaa watu wanasema gauni lake limempendeza, hakuna anayemtaja wa Lagos. Kwa jicho hilo ndiyo nilikaa kuwasikiliza hawa wanne.

Yule mama wa dera la kijani aliimba "Macho Yanacheka" ya Shakila. Shakila ni wetu, mzaliwa wa Pangani, aliimba hapa Tanga na Black Star na Lucky Star, zile klabu zilizoingiza gitaa la umeme kwenye taarabu, na tangu afariki mwaka 2016 kila harusi kuna mtu anayejaribu kuivaa sauti yake, na kila harusi inamchanika. Huyu hakujaribu. Aliushusha wimbo mpaka chini kwenye sauti yake nzito, akaimba polepole kama mtu anayemsimulia jirani ukutani, akaacha maneno mengine yaanguke bila kuyapamba. Ulimkaa. Meza ya nyuma yetu walitoka kumtunza, noti za elfu mbili mbili, mama yangu naye akaenda na khanga yake begani akicheza mwendo wote. Sikuwa nimemwona mama akicheza tangu msiba wa babu.

"Malaika" waliiharibu. Hapo mwenye kosa ni kinanda: alibonyeza ule mdundo wa kwenye mashine, tu-ka-tu-ka, ikawa kama mahafali ya darasa la saba. Ni wimbo uliopita kwa Fadhili William, kwa Miriam Makeba, kwa Boney M, kwa Angélique Kidjo, na kote umetoka mzima, uje ufie Raskazone kwa kidole cha kijana mmoja.

Kisha wakapiga "Sina Makosa". Kijana wa solo anajua kazi. Hakupiga kama ilivyo kwenye rekodi, aliichelewesha kidogo, vidole vikawa vinatembea badala ya kukimbia, na besi ya yule mzee ikamshikia mkono. Nikaacha kula. Tulipofika kwenye gitaa, pale babu alipokuwa akisimama kukaza spoki, mimi nikasimamisha kijiko hewani. Bendi wakapita moja kwa moja. Nikamwangalia mama, na yeye kijiko chake kilikuwa hewani. Mdogo wangu, aliyekuwa mdogo sana wakati ule, akatuuliza, "Mnasubiri nini?"

Kwa kweli rekodi yenyewe niliisikia mara ya kwanza ndani ya basi la Dar, nina miaka kama kumi na saba, nikadhani wamekosea. Nikawa nasubiri vituo vya babu. Havikuja mpaka Segera.

Walipopumzika nilimfuata kijana wa solo nikamwomba wimbo wowote wa Jamhuri Jazz. "Dada, hizo hatuna. Labda za kina Mbaraka." Nikamwambia Mbaraka Mwinshehe ni wa Morogoro, namheshimu, lakini hapa ni Tanga, mtu unapigaje zilipendwa Tanga bila Jamhuri Jazz? Hili ndilo lililokula ile alama ya kumi. Kijana hakukasirika. Alikuja mezani kwetu akamwamkia mama, akavuta kiti, akatoa simu. Akaniuliza naujua upi.

Jina silijui. Najua mluzi tu. Babu aliupiga asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, akiwa anapanga spana kwenye gunia.

"Piga huo huo," akasema, akabonyeza kurekodi.

Nikapiga, mbele ya watu wanaokula. Meno yangu yote yapo kwa hiyo ule upepo haukutoka, mama akawa ananirekebisha kwa mkono, juu, juu zaidi, hapo. Nilipofika pahala babu alipokuwa akinyamaza, nikanyamaza. Kijana akainua macho kutoka kwenye simu, akadhani nimesahau, akataka kuzima. Mama akamshika mkono. "Ngoja," akamwambia, "anakaza spoki."

Amesema atauleta baada ya Jumamosi mbili, ataufanyia mazoezi na mzee wa besi. Mkienda, malipo ya simu wanapokea, dawa ya mbu mbebe wenyewe, na choo kiko nyuma ya jiko, kisafi, ila taa yake inawashwa kutokea nje kwa hiyo mtu akipita anaweza kukuzimia. Mishkaki msiagize. Mimi Jumamosi hiyo nitakuwa meza ya mbele, na wali nitakuwa nimeshakula nyumbani.