Kwa Mama wa migebuka, Kibirizi: nyota nne kati ya tano

Kibanda hakina kibao, na kwenye ramani ya simu hakipo. Ukifika mwalo wa Kibirizi, wanaposhushia samaki wa Ziwa Tanganyika kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, pita wanapoanika dagaa kisha uliza "kwa Mama wa migebuka". Utaonyeshwa paa la mabati, mabenchi mawili marefu, meza zilizotandikwa nailoni ya maua, na majiko ya mkaa nyuma. Nimekula hapo karibu kila siku ya kazi tangu nitoke Mombasa kuja kufanya mafunzo kwa vitendo upande wa uvuvi. Naandika kwa ajili ya wenzangu watakaofuata, maana karatasi niliyopewa kabla ya safari ilitaja pasi, chanjo ya homa ya manjano na chandarua. Habari ya utakula wapi, kimya.

Nianze na samaki. Mgebuka ni mrefu, mwembamba, anang'aa kama kijiko kipya. Mama anamchanja mara tatu kila ubavu, anamsugua chumvi na ndimu, anamwacha kwenye ungo maji yachuruzike, halafu anamtia kwenye mawese yaliyokwisha tulia, hayatoi povu tena. Hamgeuzi mpaka mkia ukauke kabisa. Nilimwambia siku moja nina haraka, narudi kazini. Akanijibu bila kuinua macho: "Basi kula maharage, mwanangu, hayo yameiva tangu asubuhi." Nikasubiri. Mkia wa yule samaki unatafunika wote, na nyama ya mgongoni bado ina majimaji yake.

Sisi tumelelewa na nazi. Huku nazi isahau. Michikichi ndiyo inayotawala, na mawese yanaingia kwenye samaki, kwenye maharage, mpaka kwenye majani ya muhogo. Mwanzoni harufu ilinielemea. Sasa nasema wazi, na Mombasa wanisamehe: kwa samaki wa kukaanga mawese yanashinda mafuta yote ninayoyajua. Ila usivae shati jeupe. Tone moja likidondoka kifuani ndiyo basi, sabuni haiwezi, jua haliwezi.

Ugali ni wa muhogo. Unavutika, na ukipoa unakuwa kazi, kwa hiyo ule ungali unatoa mvuke. Wa mahindi upo, ila uagize mapema. Sahani ya mgebuka, ugali na mboga ni shilingi 4,000 za hapa. Gawa kwa 20 hivi upate za kwetu. Kuhe ni ghali zaidi na hapatikani kila siku. Huyo ni wa ukoo mmoja na perege, na katika ukoo huo ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Mchuzi wake wa nyanya ndio chakula bora nilichokula Kigoma.

Jambo ambalo mgeni halijui: hapa anayepanga chakula ni mwezi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, wavuvi wanalala nyumbani. Siku hizo utakuta maharage, dagaa wakavu na kuku mmoja wa kugombaniwa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, Mama anasema aliuza maharage mpaka wateja wakaanza kumtania kwamba abadilishe jina. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba samaki hakuna, tazama juu kwanza.

Na saa pia zitakuchanganya. Kenya na Tanzania saa zetu ni zilezile, lakini Kigoma iko mbali sana magharibi, jua linachomoza na kuzama kama dakika 40 nyuma ya Mombasa. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati kwetu kunapambazuka, huku ni giza tupu. Maghribi unaisubiri hadi karibu saa moja, mara nyingine ikapita. Ukifunga Ramadhani utanikumbuka. Mama anafungua gizani hilohilo, chai, chapati na supu ya samaki, kwa sababu boti zinarudi alfajiri.

Hapo ndipo kibanda hiki kinapopata nyota yake ya nne. Kazi yangu ni kupima urefu na uzito wa samaki wanaposhushwa. Mwaloni asubuhi hakuna mwenye muda na mwanafunzi mwenye rula. Wachuuzi wanapigana vikumbo, ndoo zinapita vichwani, na kila dakika unayomshikilia mvuvi ni bei inayoshuka. Ofisini niliambiwa niwe mvumilivu, na walinikaribisha vizuri tu, lakini uvumilivu haupimi samaki. Mama ndiye aliyesimama jikoni na mwiko mkononi akawaambia waliokuwa wanakunywa supu: "Mwacheni binti apime. Hawali samaki wenu, anawaandika tu." Toka siku ile ndoo mbili tatu zinawekwa pembeni kwa ajili yangu. Wavuvi wenyewe ndio wanaonieleza, tukiwa kwenye benchi, boti ipi ilikwenda upande gani na kwa nini samaki wake ni wadogo. Hayo hayamo kwenye fomu.

Nilikuja nimejiandaa kuwa mgeni. Kumbe kwenye benchi hilo amekaa mfanyabiashara wa kutoka Uvira, Kongo, mwingine wa Kalemie, Kongo hiyohiyo, Warundi waliokuja na boti, na Waha wenye mji wao wanaotusikiliza wote tukizungumza Kiswahili kila mtu na chake. Ziwa ni la nchi nne, na hakuna anayeshangaa pasi. Niliposema natoka Mombasa, mzee mmoja aliuliza kwa heshima zote kama huko nako kuna samaki. Swali gumu lilikuwa Simba au Yanga. Jibu la "Bandari ya Mombasa" halikubaliki.

Halafu kuna daftari. Posho yangu ilichelewa mwezi mmoja. Waliochelewesha wako nyumbani na sitawataja. Nilipoanza kuagiza chai tupu mchana, Mama alifungua ukurasa, akaandika juu "Mkenya", na chini yake mgebuka 1, ugali 1, chai 2. Hakuuliza nitalipa lini. Nilipolipa alipiga mstari ukurasa mzima, akanirudishia shilingi mia tano aliyosema alinizidishia.

Nyota ya tano nimeizuia, na sababu ninazo. Nzi ni wengi, hasa dagaa wanapoanikwa. Choo hakuna, utaomba kwa jirani. Mwisho wa benchi la kushoto moshi wote unakujia usoni. Mchana chakula kinaweza kuchukua nusu saa na zaidi, na ukichelewa watu wa boti wamemaliza. Chenji ni shida ya kudumu: noti ya elfu kumi asubuhi inapokelewa kwa uso uliokunjwa. Kwa simu analipwa, lakini utatuma na ya kutolea. Laini yenyewe isajili mjini mapema, uende na pasi na vidole vyako, kwa sababu bila laini ya hapa kulipa na kulipwa kwa simu ni taabu.

Jumapili hafungui. Ukitaka kuhe, mwambie jana yake, na Ijumaa ufike kabla ya saa saba, watu wa msikitini wakitoka hawaachi kitu.