Uzoefu wangu na Detectorists: kichekesho kisichopiga kelele

Majira ya joto yakikaribia, mimi huanza mapema kutafuta tamthilia moja ya vichekesho ambayo sijawahi kuiona, kwa sababu jioni zake ndefu hudai kitu chepesi ambacho hata hivyo si cha kupotezea muda tu. Safari hii nilijiwekea sharti moja: tamthilia hiyo iwe na jambo lake la pekee, isiwe tena sebule ileile, kochi lilelile, watu wanaorushiana maneno makali na vicheko vilivyorekodiwa vya kunijulisha ni wapi napaswa kucheka.

Kutafuta kwenyewe kulikuwa kugumu kuliko nilivyotazamia. Huduma ya kutazama vipindi mtandaoni ninayoilipia kila mwezi ilizidi kunipendekezea vipindi vinavyofanana na nilivyokwisha kuvitazama, na kila nilipojaribu kimoja, orodha ilizidi kuelekea upande uleule. Hatimaye niliiacha orodha hiyo, nikafuata jina la mtu badala ya jina la kipindi. Nilivutiwa na mwigizaji Mackenzie Crook tangu alipoigiza kama Gareth katika The Office, tamthilia ya vichekesho ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2001, nikataka kujua alifanya nini baada ya hapo. Ndipo nikaikuta Detectorists, ambayo aliiandika, akaiongoza na kuigiza ndani yake, na ambayo kituo cha televisheni cha BBC Four kilianza kuirusha mwezi wa Oktoba 2014. Kwa tarehe si mpya, lakini kwangu ilikuwa mpya kabisa. Namshauri yeyote anayetafuta atumie njia hii ya kumfuata mwandishi au mwigizaji aliyekwisha kumwamini, kwa kuwa mfumo wa mapendekezo unajua ulichokitazama jana, haujui unachokitamani leo.

Andy na Lance, wanaoigizwa na Crook na Toby Jones, wanaishi katika mji mdogo wa kubuni kaskazini mwa mkoa wa Essex, Uingereza. Muda wao wote wa mapumziko huumalizia mashambani, vipokea sauti masikioni, wakipitisha vitambua metali juu ya nyasi kwa matumaini ya kugundua kaburi la mfalme wa Wasaksoni, watu wa kale wa Uingereza, aliyezikwa pamoja na merikebu yake. Tumaini hilo si ndoto ya mchana, kwani kaburi la namna hiyo lilifukuliwa kweli mwaka 1939 huko Sutton Hoo, katika mkoa jirani wa Suffolk, na ni katika mkoa huohuo tamthilia hii ilikopigiwa picha. Wanachokipata wao, hata hivyo, siku nenda siku rudi, ni vifungo vya nguo na vile vishikio vya kufungulia makopo ya vinywaji. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Hawa huchoka, hawapati, na kesho yake asubuhi wako shambani tena.

Hapo ndipo nilipoipenda. Mwandishi hawacheki watu hawa kwa sababu ya kupenda jambo ambalo wengine huliona la kipuuzi. Anawaacha walipende kwa dhati, na kicheko kinatokana na uzito wanaoupa. Mtu akiwaita wao wenyewe vitambua metali, watamsahihisha kwa utulivu kwamba hilo ni jina la mashine, si la mtu anayeitumia. Wakiketi chini ya mti kula walichobeba, watajadili kipindi cha chemsha bongo cha usiku uliopita kwa makini ambayo watu wengine huyatunzia mambo ya serikali, kisha watanyamaza, na kamera itakaa juu yao bila haraka huku upepo ukipita kwenye ngano. Sijaona kichekesho kingine kinachoamini ukimya kiasi hiki. Wapo pia mahasimu wao, wanaume wawili wanaofanana na wanamuziki Simon na Garfunkel, na katika mazungumzo nao maneno ya nyimbo za wawili hao hupenyezwa bila yeyote kuyatilia mkazo. Mtazamaji anayetazama huku akichezea simu atayakosa yote.

Jambo jingine lililonishika ni kwamba uchimbaji wao una sheria, na sheria hizo ndizo zinazokipa kisa mvutano. Bila ruhusa ya mwenye shamba hawawezi kuingia. Kitu kinachohesabika kuwa hazina kwa mujibu wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1996 lazima kiripotiwe ndani ya siku 14, na tuzo, ikitolewa, kwa kawaida hugawanywa kati ya mwenye ardhi na aliyekipata. Kwa hiyo mkulima mmoja mwenye tabia za ajabu anaweza kuwatia hofu kubwa kuliko jambazi wa filamu za mapigano, na inaeleweka ni kwa nini.

Upande wa nyumbani, Becky, mwenzi wa Andy, anaigizwa na Rachael Stirling, na mama yake ndani ya kisa ni Diana Rigg, aliyekuwa mama yake mzazi kweli. Maonyesho yao wawili ni machache, lakini yana ukaribu ambao naamini haufundishiki.

Kasoro zipo. Sehemu mbili za kwanza zinakwenda polepole mno kwa mtu aliyezoea mzaha kila baada ya sekunde kumi, na mimi mwenyewe nilianza kucheka kwa sauti nilipofika ya tatu. Katika msimu wa pili, kisa cha kijana kutoka Ujerumani anayetafuta ndege ya vita iliyoanguka kilinichosha, maana nilikuwa na hamu ya kurudi kwa Andy na Lance. Wahusika pia hunong'ona na kumeza maneno, hivyo ni vyema kuwasha maandishi chini ya picha hata kama Kiingereza chako ni kizuri.

Kuna misimu mitatu, kila mmoja ukiwa na sehemu sita za takriban nusu saa, pamoja na sehemu mbili maalumu za mwaka 2015 na 2022. Mwaka 2015 tamthilia ilipata tuzo ya BAFTA, ile ya Uingereza ya filamu na televisheni, katika kundi la vichekesho vilivyoandikwa, na kwa maoni yangu iliistahili. Nilitazama sehemu mbili kila jioni, isipokuwa siku moja tu, madirisha yakiwa wazi na jua halijazama, na nadhani kipimo hicho kilinisaidia: nilipojaribu kutazama nne mfululizo siku hiyo, ule utulivu uliokuwa tamu ulianza kuonekana kama uzito. Kwa anayetaka mbio, ugomvi na mizaha ya matusi, hii siyo tamthilia yake.

Ile ya mwaka 2022, yenye urefu wa zaidi ya saa moja, bado sijaifungua. Nimeiwekea jioni ya mwisho ya likizo.