Gereji ya Gerezani, Dar, Corolla yangu imeacha kuvuja oili
Kama una Corolla za zamani zile AE110 zenye injini ya 5A-FE na sili zinavuja kila ukibadilisha, hawa jamaa nawakubali sana. Mafundi wengi wanakimbilia ovaholi tu, fundi wao akachomoa kwanza valvu ya PCV (ile ya kupumulia injini) pale juu ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, akaitikisa, kimya, haichezi kabisa maana imeganda uchafu wa oili, na ikiziba hivyo presha inajaa ndani ya injini inatafuta pa kutokea. Akafunga mpya na raba yake, akasafisha hozi, halafu akapima kompresheni kuhakikisha ringi za pistoni bado zina nguvu, hapo ndo nikamuamini. Spea zao bei imechangamka ila ni orijino. Wahi asubuhi, foleni ndefu.