Mtego wa ndoo wa nondo wa viwavijeshi: mzuri, lakini si dawa

Ukiununua mtego huu ili umalize viwavi, utajuta. Chambo chake hutoa harufu ya nondo jike, yule mdudu wa usiku anayetaga mayai ya viwavi, kwa hiyo wanaotumbukia ni madume. Majike wanaendelea kutaga, fungu moja la mayai 100 hadi 200. Kazi ya mtego ni kukuambia nondo wameingia, na kazi hiyo anayeifuatilia ataipata bila shaka. Tangu viwavijeshi vamizi wathibitishwe Uganda mwaka 2017, mahindi ya msimu wa kwanza na wa pili yote yanahitaji taarifa hiyo mapema.

Kifuniko cha kijani, faneli ya njano, ndoo nyeupe: plastiki ni imara. Gharama inayojirudia ni chambo, ambacho huisha nguvu baada ya wiki 3 hadi 6 kutegemea aina. Kishike kwa glavu safi; mkono wenye mabaki ya dawa huharibu harufu. Funga ndoo kwenye nguzo ya mita 1.5 mahindi yanapochomoza, upande upepo unakotokea, kisha uipandishe ili ibaki kama sentimita 30 juu ya mimea.

Udhaifu mkubwa ni mvua. Kama ndoo haina matundu chini, maji hujaa, nondo wanaoza na huwezi kuwatambua. Kagua kabla ya kulipa. Nondo wengine huingia pia, basi mhesabu yule dume mwenye baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele.

Idadi ikipanda, usikimbilie bomba la dawa. Tembea shambani kwa umbo la W, simama mahali 5, kagua mimea 10 kila mahali. Kiwavi mwenyewe ana Y iliyopinduliwa usoni na nukta nne nyeusi zilizopangwa kwa umbo la mraba karibu na mkia. Mahindi machanga, pulizia ikiwa mimea 20 kwa 100 ina madhara mapya. Yaliyokua, subiri 40. Puliza jioni, ukilenga moyo wa mhindi, viwavi wakiwa wadogo. Mkubwa hujificha chini ya kinyesi chake kama unga wa mbao, na dawa haimfikii.

Kwa kikundi chenye mashamba yanayopakana, mtego mmoja kwa hekta moja ni ununuzi mzuri. Mwenye nusu ekari peke yake aiweke hiyo hela, akague mahindi mara mbili kwa wiki.