Randa ya mezani ya inchi 12: kazi inafanya, ila ikague kwanza

Niko Arua, Uganda, natengeneza milango na meza, na hii mashine nimeitumia vya kutosha kuweza kusema neno. Ni ile ndogo ya kukaa juu ya meza, unapitisha mbao inalainika na kupungua unene, visu viwili, inchi 12, umeme wa 240. Kampuni siitaji maana kilichonisumbua hata za wengine zinakuja nacho. Zamani mbao nilikuwa nabeba hadi kwa mwenye mashine kubwa, unapanga foleni halafu anakupigia unene anaotaka yeye sio wewe. Hiyo imeisha, na kwa hilo tu naipa nyota 4.

Nyota ya 5 nimeinyima kwa jinsi ilivyofika. Muuzaji alisema toa kwa boksi, chomeka, piga kazi. Wapi! Mahogani ya Congo ikatoka laini kabisa katikati lakini kichwani na mkiani imechimbwa kama inchi 2 hivi, ukipitisha kidole unasikia ngazi. Kuna mafundi wanakata tu hizo ncha wanatupa, lakini bei ya hiyo mbao si unaijua. Inachimba pale mbao imeshikwa na rola moja tu ya kuivuta, ya mbele au ya nyuma, basi ncha inainuka kufuata visu. Dawa ni zile mbawa mbili za kuingizia na kutolea mbao. Chomoa waya kwa soketi kwanza, laza rula ndefu ya chuma ipite juu ya meza ya mashine na mbawa zote mbili, utaona mwenyewe. Zangu zilikuwa zimelala. Legeza nati, pandisha bolti mpaka ncha za nje ziwe juu kidogo sana kama unene wa sarafu, kaza. Sasa inabaki alama ya kumalizwa na msasa, ila mbao ndefu bado lazima uisaidie kwa mkono ikiingia na ikitoka.

Kitu kingine macho hayaoni: kichwa cha visu kiko sambamba na meza? Chukua vipande viwili, pitisha pamoja, kimoja kushoto kabisa kingine kulia kabisa, bila kugusa mpini wa unene, kisha pima kwa kalipa, kile kifaa cha kubana na kusoma unene. Tofauti ya 0.1 mm achana nayo. Yangu ilikaribia nusu milimita, na ukipanga mbao za meza ubavu kwa ubavu kila kiungo kinakuwa na ngazi. Kabla ya kufungua gia angalia visu, maranda yakibana chini ya kisu upande mmoja unapanda. Visu vyangu vilikuwa sawa, so nikalaza mashine ubavu. Hii yangu ina mnyororo chini unaozungusha skrubu za pembe nne, unautoa kwenye gia ya upande mbovu, unazungusha jino moja, unarudisha, unapima tena, inachosha lakini inakubali. Mshale wa skeli ya unene ndio uweke mwisho kabisa: piga mbao, pima, sogeza mshale ulingane. Ukianza na huo unapoteza muda.

Meza ya mashine ipake nta ya mshumaa mbao iteleze. Spray ya silikoni usithubutu, vanishi itakataa kushika. Rola futa utomvu, hasa ukipiga paini.

Halafu watu wanailaumu bure kwenye mbao iliyopinda. Haiwezi kuinyoosha jamani, rola zinaikandamiza ikipita, ikitoka inarudi kupinda vilevile ila nyembamba. Na mbao pana usipunguze zaidi ya milimita 1 kila ukiipitisha, jioni umeme ukiwa chini punguza zaidi, na ekstensheni ndefu ya waya mwembamba itachemsha mota. Kelele sisemi, jirani zangu watakuambia.

Ukiwa mtu wa mvule jipange. Ndani yake mara nyingine kuna mawe ya chokaa, huyaoni mpaka kisu kimepata pengo na kila mbao inatoka na mstari. Visu vya hii vina makali pande mbili, upande mmoja ukifa unageuza, wa pili ukifa unanunua vipya, havinolewi. Hapa Arua sijavipata, naagiza Kampala, kwa hiyo kabla hujalipa muulize muuzaji akuonyeshe visu vya akiba kwa macho, sio kwa mdomo.